Meza Iliyo Kiganjani

Watu wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ya vitabu peke yake. Wakilisikia neno hilo, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye riwaya, tamthilia na mashairi. Dhana hiyo ni finyu. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kwa kusudi fulani chaweza kuhakikiwa, kiwe nyumba, jembe au kiti. Mhakiki huuliza maswali matatu. Kitu hiki kimekusudiwa kufanya nini? Je, chakifanya vyema? Na yule anayekitumia, chamfanya awe mtu wa namna gani? Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, na aghalabu ndilo lisiloulizwa.

Leo, msomaji wangu, nataka tuhakiki chombo ambacho huenda kimo mfukoni mwa mzazi wako sasa hivi, au chini ya mto wako wakati wa likizo. Chombo hicho ni simu janja. Sisemi juu ya simu kwa kazi yake ya kuzungumza na watu walio mbali, maana jambo hilo halina mabishano. Nasema juu ya simu inapowekwa mahali pa kompyuta ya mezani: inapotumiwa kuandika insha, kujaza fomu, kutunga barua ya kuomba kazi, kuweka hesabu za duka na kujifunza masomo. Na mahali tutakapoipimia ni mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ambayo wenyeji huiita Eastlands: toka Pumwani na Kaloleni hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Nimepachagua mahali hapo kwa sababu huko jambo hili si mchezo wa mwenye fedha anayechagua kati ya vitu viwili. Kwa vijana wengi wa mitaa hiyo simu ndiyo kompyuta ya kwanza, na huenda ikawa ya pekee kwa miaka mingi.

Ukiwasikiliza watu wakibishana juu ya jambo hili, utaona kwamba wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wasifu. Hao husema kwamba kompyuta ya mezani imekwisha siku zake. Kwamba yote yaliyofanywa na sanduku lile zito, lenye nyaya kama mizizi ya mgumo, sasa yafanywa na kibao chembamba kinachoingia kiganjani. Kundi la pili ni la wabeuzi. Hao husema kwamba simu ni kitu cha kuchezea, na kijana aliyeinamia simu hafanyi kazi yoyote ila kupoteza wakati. Kila kundi lina chembe ya kweli na gunia la chumvi. Msifu hajajaribu kuandika kurasa kumi kwa vidole gumba. Mbeuzi naye hajakaa usiku katika chumba kimoja chenye watu sita, akajiuliza kompyuta ya mezani ingewekwa wapi.

Swali hilo la mahali pa kuiweka si dogo. Tukitaka kufahamu kwa nini simu imeshinda katika Eastlands, haitoshi kutazama bei za maduka ya leo. Yatupasa kutazama kuta za nyumba. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920, na mitaa kama Shauri Moyo, Ziwani na Bahati ikafuata katika miaka ya ukoloni iliyobaki. Serikali ya wakati ule ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mikono ya kazi iliyokuja kwa muda tu. Kwao kulikuwa mashambani, na huko ndiko alikotazamiwa kurudi nguvu zikimwishia. Kwa hiyo nyumba nyingi zilikuwa vyumba vya mfanyakazi asiye na mke wala watoto: mahali pa kitanda, pa sanduku la nguo na pa jiko dogo. Aliyechora ramani zile hakufikiri kwamba mtu huyo angetaka meza ya kuandikia. Mfanyakazi akaleta mke, mke akazaa watoto, watoto wakaenda shule. Lakini chumba hakikukua pamoja nao. Hata katika maghorofa yaliyoota baadaye huko Umoja na Kayole, jamaa nyingi hukaa katika chumba kimoja cha kupanga, na meza iliyopo ni ya chakula, ya pasi na ya televisheni kwa zamu.

Basi katika nyumba kama hizo simu ilipata njia iliyo wazi. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya, na simu ikawa pochi. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi zaidi. Mwaka 2011 simu janja ya Huawei iliyoitwa IDEOS iliuzwa nchini kwa bei iliyokuwa chini ya shilingi 10,000, na watu ambao hawakuwahi kuwaza kumiliki kompyuta wakaanza kubeba moja mfukoni. Haikudai meza wala kiti. Stima ilipokatika, iliendelea kuwaka. Mwenye nyumba alipopandisha kodi, mpangaji alihama nayo bila kukodi mkokoteni. Kumcheka mtu kwa sababu ametumia simu mahali pa kompyuta ni kumcheka kwa sababu ya nyumba ambayo hakuijenga.

Sasa tuipime simu yenyewe, na tuanze kwa kuitendea haki. Lawama ya kwanza inayotupwa juu yake ni kwamba ni nzito katika kuandika. Nami zamani niliamini hivyo. Lakini mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Aalto nchini Finland, Cambridge nchini Uingereza na ETH Zurich nchini Uswisi walitoa matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 37,000 walioandika kwa simu. Wastani wao ulikuwa maneno 36 hivi kwa dakika. Na vijana wa rika lako, msomaji, waliwapita wazee wao kwa mbali. Mwandishi wa kawaida anayetumia kibodi ya mezani hufikia maneno kama 50. Tofauti ipo, lakini si tofauti ya mlima na kichuguu. Maneno 36 kwa dakika ni mengi kuliko mawazo ambayo wengi wetu tunaweza kuyapata kwa dakika moja. Kasi, basi, si hoja.

Lawama ya pili ni kwamba kazi kubwa haiwezi kutoka katika chombo kidogo. Hiyo nayo haisimami. Behrouz Boochani, Mkurdi wa kutoka Iran, alizuiliwa na serikali ya Australia kwa miaka kadhaa katika kisiwa cha Manus, nchini Papua New Guinea. Huko hakuwa na meza wala kompyuta. Aliandika kitabu kizima kwa simu, kwa lugha ya Kifarsi, akikituma kipande baada ya kipande kwa WhatsApp. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 2018 kwa jina la Kiingereza No Friend but the Mountains, na Januari 2019 kikapata Tuzo ya Fasihi ya Victoria, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za uandishi nchini Australia. Kijana wa Dandora aambiwaye kwamba simu yake haiwezi kubeba fikira nzito na amkumbuke mtu huyo.

Tena kuna kazi ambazo simu huzifanya vizuri kuliko kompyuta. Hupiga picha ya cheti na kukigeuza kuwa hati ya kutumwa. Hunasa sauti ya bibi akisimulia habari za Pumwani ya zamani, kabla habari hizo hazijafa naye. Humwonyesha fundi wa Kariobangi mchoro wa mashine akiwa amesimama mbele ya mashine yenyewe, mikono yake ikiwa na grisi. Kwa kukusanya, kunasa na kutuma, sijaona chombo kinachoishinda.

Kasoro ya simu iko wapi, basi? Nitaisema kwa mfano nilioushuhudia. Jirani yangu mmoja huko Kayole ni msichana aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri. Aliomba msaada wa karo katika ofisi moja, na fomu ilikuwa ya kujazwa katika intaneti. Akaketi kitandani na simu ya mama yake, akajaza kila nafasi aliyoiona, akasoma mara mbili, akatuma. Baada ya wiki kadhaa akajibiwa kwamba ombi lake halikufikiriwa kwa kuwa halikukamilika. Alilia, akasema kwamba amedhulumiwa. Tulipoifungua fomu ile ile katika kompyuta ya saiba, tuliona mambo yalivyokuwa. Fomu ilikuwa na jedwali pana, na safu mbili za upande wa kulia, ambazo ziliuliza habari za mapato ya mzazi, zilikuwa nje ya kioo cha simu. Hazikufichwa na mtu. Zilikuwepo wakati wote, lakini hakuna alama iliyomwambia asogeze ukurasa. Msichana hakuwa mzembe. Alijibu kwa uaminifu kila alichoulizwa na simu. Ila simu haikumwuliza yote.

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki huu. Simu huonyesha sehemu. Meza huonyesha jumla. Ubaya hauko katika udogo wa kioo peke yake. Uko katika jambo hili, kwamba sehemu inapojaza kioo chote, macho huiona kuwa ndiyo kitu kizima. Kioo cha simu nyingi kina urefu wa inchi 6 hivi, kutoka pembe hadi pembe. Cha kompyuta ya mezani huwa inchi 19 au zaidi. Tena unapoanza kuandika katika simu, kibodi huinuka kutoka chini na kufunika sehemu kubwa ya kioo hicho, ukabaki na mistari michache tu. Ni kama mtu anayetazama ukumbi kupitia tundu la ufunguo. Huona kiti kimoja vizuri sana. Lakini ukimwuliza viti vimepangwaje, hana jibu.

Jaribu mwenyewe. Chukua insha yako ya maneno 1,000. Ichapishe katika karatasi, uitandaze sakafuni. Kisha uisome tena katika simu. Katika karatasi utaona mara moja kwamba aya ya tatu ni ndefu kuliko nyingine zote, na kwamba mwisho umesahau jambo uliloliahidi mwanzoni. Katika simu utaona kosa la herufi hapa na kosa la mkato pale, utayasahihisha, na utajiona umefanya uhariri. Kumbe umefagia chumba kimoja na nyumba nzima imepinda. Mimi mwenyewe sikuepuka mtego huo. Nusu ya insha hii niliiandika kwa simu, ndani ya matatu, katika msongamano wa Barabara ya Jogoo. Niliporudi nyumbani na kuiweka katika kioo kikubwa, nikagundua kwamba nimesema jambo moja mara tatu, na kila mara kwa fahari kana kwamba ni jipya. Sentensi zilikuwa safi. Hoja ndiyo iliyokuwa ikizunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti.

Chombo cha namna hii hakikosi kuacha alama yake katika mtindo wa anayekitumia. Nchini Japani, mwanzoni mwa karne hii, vijana walianza kutunga na kusoma riwaya katika simu zao. Riwaya hizo zilipendwa mno. Zilichapishwa kuwa vitabu, na mwaka 2007 vitano kati ya vitabu kumi vya hadithi vilivyouzwa sana nchini humo vilikuwa vimeanzia katika simu. Wahakiki walioviangalia waliona sentensi fupi, sura fupi, mazungumzo mengi na maelezo haba. Hatupaswi kuwacheka watunzi hao. Mshairi naye hufungwa na vina na mizani, na kifungo hicho humpa nguvu. Lakini mshairi huvijua vifungo vyake na amevichagua. Hatari iko kwa yule asiyejua kwamba amefungwa, ambaye huona kwamba fikira zote ni fupi kwa kuwa kioo chake ni kifupi.

Kuna na jambo la pili. Kompyuta ya mezani ni chumba cha kazi chenye mlango. Simu ni chumba kilicho katikati ya soko. Unapoandika aya, rafiki akutumia kichekesho. Unaporudi kwenye aya, mwingine akuuliza kama umeona matokeo ya mpira. Nawe ukiwajibu wote wawili, uzi wa fikira umekwisha kukatika. Wabeuzi husema kwamba huo ni udhaifu wa vijana. Mimi nasema kwamba ni tabia ya chombo, na mzee huanguka vilevile. Simu hutengenezwa pamoja na programu ambazo watengenezaji wake hupata faida kwa kadiri tunavyozitazama. Mtu asiyelijua hilo atajilaumu bure. Anayelijua ataizima intaneti kwa saa moja na kuandika.

Sasa twende mbele kidogo, kwa sababu jambo hili lina uzito kupita insha ya shule. Turudi kwa Boochani. Nilisema kwamba aliandika kitabu chake kwa simu, na ni kweli. Lakini vipande vile alivyovituma havikujipanga vyenyewe. Moones Mansoubi alivipokea na kuvikusanya katika hati; Omid Tofighian akavitafsiri kwa Kiingereza, akishauriana na mwandishi mwenyewe. Yaani mahali fulani, mbali na kisiwa, palikuwa na meza. Boochani alibahatika kuwa na marafiki waaminifu waliopanga kazi yake pamoja naye, bila kumpokonya.

Mfano mwingine ni wa hapa kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilienea Kenya, na mitaa ya Eastlands haikusalimika. Januari 2008 vijana kadhaa walianzisha mtambo ulioitwa Ushahidi. Mwananchi aliyeona tukio aliweza kulipeleka kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti, nalo likawekwa katika ramani iliyoweza kuonwa na dunia nzima. Angalia jinsi kazi ilivyogawanyika. Simu za watu zilileta habari moja moja: hapa pamechomwa nyumba, pale pamefungwa barabara. Habari moja ni kilio. Ramani ndiyo iliyogeuza vilio kuwa ushahidi, maana iliviweka pamoja, ikamfanya mtazamaji aone mahali pake, wakati wake na ukubwa wake. Na ramani hiyo ilitengenezwa na watu waliojua kuandika programu, walioketi mbele ya kompyuta.

Msomaji wangu, hilo ndilo linalonitia hofu. Ikiwa kijana wa Eastlands atapewa chombo cha kuokota vipande peke yake, na wengine wa mbali wakawa na meza ya kuvipanga, basi yeye atakuwa mleta habari siku zote, na mwenye neno la mwisho atakuwa mwingine. Atapiga picha, lakini gazeti litapangwa na mwingine. Ataimba, lakini hesabu za mauzo ya wimbo wake zitawekwa na mwingine. Atatumia programu mchana kutwa, lakini hatajua imeundwaje. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Programu zote zinazoelea katika simu hiyo ziliundwa, na aghalabu waliziunda watu waliokaa mbele ya kibodi na vioo vikubwa, wakiona kazi yao kwa mapana. Hata waliotengeneza simu hawakuitengeneza kwa simu.

Labda utaniuliza: je, kompyuta ya mezani haina kasoro? Inazo nyingi. Ni ghali, hutaka stima isiyokatika, huhitaji mahali, na ikiharibika fundi wake hapatikani kila uchochoro. Tena meza haifikirii. Nimeona vyumba vya kompyuta katika shule ambavyo hufungwa kwa kufuli wiki nzima, vioo vimefunikwa vitambaa kama maiti, kwa hofu kwamba wanafunzi wataviharibu. Mwanafunzi mwenye simu iliyopasuka kioo na akili iliyo macho amemshinda mbali mwanafunzi mwenye kompyuta iliyofungiwa. Serikali ya Kenya nayo imelionja tatizo hili. Mwaka 2013 waliokuwa wakiingia madarakani waliahidi kompyuta za mapajani kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango ulipoanza kutekelezwa mwaka 2016, vilivyogawiwa wanafunzi hao vilikuwa vishikwambi. Yawezekana kwamba kwa mtoto wa miaka sita kishikwambi kilifaa zaidi. Lakini mtoto hukua, na chombo kilichomfaa kusoma herufi hakimtoshi anapofika kutunga hoja.

Kadhalika mwezi Machi 2020 shule zote za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani mpaka Januari 2021, simu ya mzazi ndiyo iliyokuwa darasa la watoto wengi wa mjini, pamoja na redio na televisheni. Walioibeza simu kabla ya hapo walinyamaza. Lakini mzazi mmoja mwenye simu moja na watoto watatu wa madarasa matatu aliweza kukueleza, pasipo kusoma uhakiki wowote, tofauti ya kupata masomo na kupata nafasi ya kusoma.

Nini basi la kufanya? Mhakiki anayelaumu bila kuonyesha njia ni kama mgeni anayesema chakula hakina chumvi na chumvi iko karibu yake. Nina mashauri matatu, na hakuna hata moja linalotaka mali nyingi.

La kwanza: tumia simu kukusanya, usiitumie kuamua kwamba umemaliza. Wazo likikujia ndani ya matatu, liandike humo humo. Lakini kabla hujaituma kazi yoyote yenye uzito, iwe insha, fomu au barua ya kazi, itafutie mahali pa kuiona nzima. Kama huna kompyuta, andika vichwa vya aya zako katika vipande vya karatasi, uvipange kitandani au sakafuni, uvihamishe mpaka vikae sawa. Kitanda hicho kimekuwa meza. Na fomu ya intaneti, kabla ya kuituma, ilaze simu ubavu, usogeze ukurasa kulia na kushoto, juu na chini, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kulipa kodi.

La pili: zijue meza za mtaa wako. Kuna maktaba za umma huko Kaloleni na Makadara, tawi la pili likijulikana pia kama Maktaba ya Eastlands. Ni mali ya wakazi wa jiji. Zilikuwa zimechakaa, na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, likashika kazi ya kuzifufua pamoja na Maktaba ya McMillan ya katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931. Humo mna meza, na mna kimya, vitu ambavyo chumba cha kupanga hakiwezi kukupa. Ziko pia saiba katika kila kituo cha maduka, toka Buruburu hadi Kayole, ambako hulipa kwa dakika. Kama umeandika yote katika simu kabla ya kwenda, hutahitaji dakika nyingi. Nusu saa ya kuona kazi yako kwa mapana yaweza kuwa na thamani kuliko bando la wiki nzima.

La tatu, na ndilo kubwa: jifunze upande wa pili wa chombo. Kama shule yako hufundisha somo la kompyuta, usiliogope. Mtihani wake wa kidato cha nne hudai mradi ambao mwanafunzi huubuni na kuujenga mwenyewe, na hapo ndipo mtu huacha kuwa mteja akawa fundi. Kama shule yako haina somo hilo, simu yenyewe yaweza kukuelekeza mlangoni: simu nyingi hukubali kuunganishwa na kibodi ya kawaida kwa waya mdogo, na zaweza kukufundisha misingi ya kuandika programu. Usikae mlangoni lakini. Mlango ulifanywa ili watu wapite.

Tumefika mwisho wa kipimo chetu. Tuliuliza simu imekusudiwa kufanya nini, nasi tukaona kwamba imekusudiwa kuwa karibu na mtu popote alipo, na kazi hiyo huifanya vizuri sana. Tuliuliza kama yaweza kushika mahali pa kompyuta ya mezani, tukaona kwamba yaweza kuubeba mzigo wa kompyuta ya mezani, lakini haiwezi kuwa meza yake. Tukauliza humfanya mtumiaji awe mtu wa namna gani. Swali hilo sikulijibu mpaka mwisho, kwa kuwa jibu lake haliko katika simu. Jirani yangu wa Kayole aliomba tena mwaka uliofuata. Fomu aliijaza kwa simu ile ile ya mama yake, usiku, kitandani. Kisha akaandika majibu yote katika daftari, akaenda saiba asubuhi, akaifungua fomu katika kioo kikubwa, akaipitia safu kwa safu kabla ya kuituma. Nilimwuliza kwa nini amesumbuka hivyo, ilhali simu ilikuwa imemwambia kwamba amekamilisha. Akanijibu: "Simu ilinionyesha ninapoandika. Nilitaka kuona ninachokiandika."